Shajara ya mradi: kuizuia Cressida ya 1JZ isichemshe kwenye foleni

Gari ni Toyota Cressida ya 1982, bodi ya X60. Injini yake ya silinda nne nilishaitoa, na mahali pake imekaa 1JZ-GE ya kizazi cha kwanza: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.5, yenye distribyuta, haina tabo. Injini, gia boksi na waya zote zilishafungwa na gari linatembea. Lililobaki ni joto, na shajara hii ni ya joto peke yake. Naandika kila hatua inapokwisha, na hatua nilizokosea nazipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndizo zilizokula muda na fedha yangu. Mwenye gari kama hili hana haja ya kuzilipia tena.

11 Januari 2025: hali ilivyo

Kwenye barabara iliyo wazi, kilomita 80 kwa saa, gari halina neno hata jua likiwa la utosi. Kasheshe inaanza foleni inaposimama. Ikifika dakika ya kumi na tano, nje kukiwa na nyuzi 33, harufu tamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini) inaingia ndani, na nikifungua boneti nalikuta kopo la akiba linatokota. Foleni ikiachia nikakimbia dakika mbili tatu, linapoa lenyewe.

Mafundi wana kipimo cha zamani na hakijawahi kunidanganya. Gari linalochemsha likiwa limesimama limekosa upepo. Linalochemsha likiwa mbioni lina tatizo upande wa maji: rejeta imeziba au ni ndogo, pampu imechoka, paipu inajikunja. Kwa kipimo hicho jibu nilikuwa nalo siku ya kwanza. Nililiacha kwa wiki kadhaa nikahangaika na maji.

Vilivyomo sasa: rejeta ya zamani ya shaba, safu mbili za mirija, na feni moja ya umeme ya inchi 14 iliyofungwa mbele ya kondensa ya AC (rejeta ndogo inayotoa joto la AC) ili isukume upepo kwenda nyuma. Feni ya klachi inayokuja na 1JZ haikuingia. Injini hii ni ndefu, na kutoka uso wa puli ya wota pampu hadi kwenye rejeta zimebaki sentimita 7 tu.

18 Januari: geji ilikuwa inadanganya

Kabla ya kubadilisha kitu chochote nilitaka namba. Geji ya dashibodi ilikuwa inakaa katikati hata siku ambazo kopo linatokota, nami nikawa najiambia kwamba labda ni mfuniko mbovu tu.

Nikaifungua sensa, nikaining'iniza kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, geji ikiwa imeunganishwa nje kwa betri. Maji yalipofika nyuzi 70 mshale ulikuwa haujafika robo. Kwenye 85 ukawa chini kidogo ya katikati. Maji yalipochemka kabisa, nyuzi 100, mshale ulisogea upana wa kucha moja kupita katikati ukasimama hapo. Yaani gari linachemsha na dashibodi inasema kila kitu ni salama.

Sababu ni kwamba sensa ni ya injini mpya na geji ni ya gari la zamani. Sensa hizi hupunguza ukinzani wa umeme kadiri joto linavyopanda, na kila geji imetengenezwa kwa mpangilio wake wa ukinzani. Ukichanganya, mshale utasogea, ila hausemi ukweli. Njia rahisi kwa anayebadilisha injini ni kuihamisha sensa ya injini ya zamani kwenye injini mpya, kama nyuzi za skrubu zinakubali. Zangu hazikukubali, nikaweka geji ya pembeni yenye sensa yake yenyewe, inayosoma kwa namba. Nayo niliipitisha kwenye sufuria kwanza. Ilikosea kwa nyuzi moja.

Safari ya kwanza na geji ya kweli: barabarani 86, foleni dakika ya kumi na nne 103, bado inapanda. Nikazima AC, nikawasha hita hadi mwisho ili inyonye joto la injini, nikatafuta pembeni pa kusimama.

1 Februari: rejeta kubwa, na kosa langu la bei kubwa kuliko yote

Kila niliyemweleza alisema weka rejeta kubwa. Ya zamani ilikuwa na miaka yake, inaonekana kwa macho kwamba imechoka, na kununua kitu kipya kinachong'aa ni rahisi kuliko kukaa chini na kufikiri. Nikanunua ya alumini, mirija mipana safu mbili, unene wa milimita 42, uso wa upepo sentimita 64 kwa 40. Ilichukua karibu nusu ya fedha yote niliyotenga kwa kazi hii.

Kuifunga kulichukua siku moja na nusu. Nilikata kidogo bati la chini na kutengeneza vishikio vipya vyenye mpira, kwa sababu alumini haipendi kufungwa ikiwa imebanwa kavukavu. Mtikisiko wa bodi unapasua maungio. Ili boneti ifunge niliishusha rejeta sentimita kadhaa na kuilaza kidogo kwenda nyuma. Kumbukeni huko kuishusha, kutarudi baadaye.

Matokeo: barabarani ikashuka hadi 83. Kwenye foleni gari lilivumilia dakika 22 badala ya 14, nikafurahi, kisha likapanda hadi 104 vilevile.

Nilikaa na namba hizo usiku mzima ndipo zikaniingia. Rejeta kubwa inabeba maji mengi zaidi, na maji mengi yanachukua muda zaidi kupata moto. Dakika nane nilizopata zilikuwa muda wa kungoja tu. Joto huletwa na maji hadi kwenye mapezi ya rejeta (vile vibati vyembamba kati ya mirija), lakini kutoka hapo halina pa kwenda isipokuwa lichukuliwe na upepo. Upepo usipopita, rejeta hata iwe pana kama mlango itajaa joto na kubaki nalo. Tena rejeta nene inahitaji feni yenye nguvu zaidi, kwa sababu upepo unapata taabu kupenya. Nilikuwa nimeiongezea kazi feni ambayo tayari ilikuwa imeshindwa.

9 Februari: kutoa themostati. Msifanye.

Hili nililifanya kwa ushauri na kwa kukata tamaa. Niliitoa themostati, nikafunga, nikaingia foleni. Gari likachemsha mapema kuliko siku zote, dakika ya kumi na moja.

Kwenye 1JZ themostati inakaa upande wa maji kuingia injini, mwisho wa paipu ya chini. Ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: inafungua njia ya kutoka rejeta maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ya pili imejificha kwenye kisahani kidogo kilichoko mgongoni mwake. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Themostati inapofunguka, kisahani kile kinaiziba njia ya mkato ili maji yote yapitie rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupoa. Maji hupenda njia nyepesi.

Nikarudisha themostati mpya, kitundu chake chenye kipini kinachochezacheza kikiwa juu kabisa ili hewa ipate pa kutokea. Hasara: siku moja, gasketi moja, na kulanti lita mbili zilizomwagika.

16 Februari: feni na kava lake

Hatimaye upepo. Feni ya mbele niliitoa. Ikizima barabarani inakuwa kizuizi mbele ya rejeta, na kusukuma upepo kupita kondensa kisha rejeta ni kazi ngumu kuliko kuuvuta kutoka nyuma. Nikachukua feni mbili nyembamba za inchi 12, unene sentimita 6, zikae nyuma ya rejeta zikivuta. Nafasi ya sentimita 7 ikatosha kwa shida. Upande wa puli nilisogeza feni pembeni kidogo ili mota isiikabili puli moja kwa moja.

Kwanza nilizifunga moja kwa moja kwenye mapezi kwa zile pini za plastiki zinazokuja nazo. Usifanye hivyo kwenye rejeta unayoipenda, zinasugua mapezi na siku moja zitatoboa mrija. Lakini shida kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Nilichukua karatasi ya shashi, nikaikata vipande, nikavipitisha mbele ya rejeta feni zikizunguka. Mbele ya kila feni kipande kilivutwa kikaganda kwenye mapezi. Sentimita mbili nje ya duara kilining'inia mkononi mwangu kama hakuna kinachoendelea. Pembe nne na ukanda wa katikati kati ya feni mbili: kimya kabisa.

Piga hesabu. Duara la kipenyo cha sentimita 30 lina eneo la sentimita za mraba 707. Mawili ni 1,414. Uso wa rejeta ni 64 kwa 40, yaani 2,560. Feni zinavuta upepo kupitia asilimia 55 tu ya rejeta niliyoinunua kwa nusu ya fedha yangu. Kipimajoto cha miale kikasema vivyo hivyo: mgongoni mwa feni mapezi yalikuwa nyuzi 71, kwenye pembe ya juu kushoto 94.

Dawa ni kava. Nilitengeneza kwa bati la alumini la milimita 1.5: sanduku bapa linalofunika uso wote wa rejeta kwa nyuma, kina chake milimita 30, feni zikiwa zimekaa kwenye matundu mawili. Ule uwazi wa milimita 30 kati ya mapezi na feni ndio unaoruhusu upepo wa pembeni kusafiri hadi kwenye feni. Sanduku la kwanza nililipa kina cha milimita 10 nikiogopa puli, na shashi haikushika pembeni hata kidogo. La pili likafaulu baada ya kusogeza rejeta mbele milimita 20.

Kwenye kava niliacha matundu manne ya mstatili yaliyofunikwa kwa ulimi wa mpira ulioshikwa upande wa juu tu. Gari likikimbia upepo unaziinua ndimi na kupita. Likisimama feni zinazivuta zinajifunga. Bila hizo, kava zima linakuwa ukuta kwa upepo wa barabarani.

Kisha nikaziba nafasi zote kati ya rejeta na bodi kwa sponji ngumu: kushoto, kulia, chini, na juu chini ya kufuli ya boneti. Ni kazi ya saa mbili na sponji chakavu, na katika hatua zote hii ndiyo iliyonilipa kuliko jasho lake. Zikiwa wazi, feni inavuta hewa ya moto iliyo tayari ndani ya boneti, inaizungusha mbele na kuipitisha tena kwenye rejeta. Gari likiwa limesimama hakuna upepo wa mbele wa kuizuia.

Foleni ya jioni: 98, ikasimama hapo. Mara ya kwanza ilisimama.

22 Februari: umeme

98 haikuniridhisha, AC ilikuwa imezimwa. Feni zilikuwa zinazunguka lakini mlio wake ulikuwa mwembamba kuliko zilipokuwa mezani kwenye betri.

Nikachukua multimita, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na feni zikizunguka. Kwenye betri volti 13.4. Kwenye plagi ya feni 10.9. Volti mbili na nusu zimepotea njiani. Kuzitafuta ni rahisi: weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya feni, vyote vikifanya kazi, kinachosomeka ndicho kinachopotea upande huo. Nikapata 1.6. Upande wa hasi, 0.9.

Upande wa chanya nilikuwa nimechukua umeme kwenye waya wa zamani wa feni moja, wa milimita za mraba 2.5, unaopita kwenye swichi ya ufunguo yenye umri wa gari. Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, nilifunga boliti kwenye bodi juu ya rangi. Nikang'oa vyote. Sasa kila feni ina rilei yake (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo) ya ampea 40 na fyuzi yake ya ampea 30, waya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka betri, na ethi inayorudi hadi kwenye hasi ya betri. Swichi ya ufunguo inabeba umeme mdogo wa kuamsha rilei tu. Kwenye plagi: 13.0. Sauti ya feni ikabadilika kabisa.

Ila hapo hapo nikafanya kosa lililonitisha kuliko yote.

Ili feni ziwake zenyewe nilinunua swichi ya joto ya hatua mbili: feni ya kwanza 92, ya pili 97. Rejeta haina tundu lake, nikatumia kipande cha bomba la alumini chenye tundu, nikakata paipu ya juu na kukichomeka katikati. Nikajaribu kwa kuzigusisha nyaya za swichi kwenye bodi kwa mkono, feni zikawaka. Nikaridhika, nikatoka.

Kwenye foleni namba ikapita 92, kimya. 97, kimya. 100. Nilikuwa nimebanwa kila upande, njia ya kutoka hakuna. Kwenye 108 mvuke ukatoka pande zote mbili za boneti, mweupe, na kioo chote cha mbele kikafunikwa. Nilizima injini, nikasukuma na watu wawili waliojitolea hadi pembeni. Nilingoja dakika hamsini kabla ya kugusa mfuniko, na nikaugusa kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza. Tafadhali mngoje hivyo hivyo. Maji yaliyo chini ya mgandamizo yamepita kiwango cha kuchemka. Ukifungua yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni.

Kosa lilikuwa nini? Swichi ile inapata ethi kupitia mwili wake. Ikifungwa kwenye injini au rejeta ya chuma, ethi ipo. Mimi niliifunga kwenye kipande cha bomba kilichoshikwa na mpira huku na mpira huku. Hakikuwa kimegusa chuma popote. Nilipozigusisha nyaya kwenye bodi nilikuwa nazipa ethi mwenyewe, ndiyo maana feni ziliwaka. Dawa ni waya mmoja mfupi kutoka kwenye bomba hadi bodi, chini ya skrubu ya kubania. Dakika tano.

Tangu siku hiyo nina swichi ya mkono kwenye dashibodi inayowasha feni zote mbili hata kama sensa imekufa. Na kila kitu kinachohusu joto nakijaribu nikiwa nyumbani, gari likiwa sailensa hadi feni ziwake na kuzima zenyewe mara mbili, ndipo natoka.

2 Machi: hewa

Baada ya kuchemsha kule nilijaza maji, na gari likaanza tabia mpya. Namba inapanda taratibu hadi 94, inaanguka ghafla hadi 80, kisha inaruka 101. Hita inatoa upepo baridi. Aliyeona mshale ukishuka angeshukuru. Mimi niliogopa, na nilikuwa na sababu: sensa ikizungukwa na hewa au mvuke badala ya maji inasoma chini, wakati chuma kilicho kando yake kinaungua.

Kwanza nilihakikisha gasketi ya silinda hedi haijaungua. Nilitumia kile kifaa chenye maji ya bluu kinachokaa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya kuungua kwa mafuta ikipita humo bluu hugeuka njano. Dakika kumi, ikabaki bluu. Nilipumua.

Basi hewa ilikuwa imenaswa. Hapa ndipo ile sentimita kadhaa niliyoishusha rejeta ilipodai haki yake. Nilipima kwa mrija mwembamba wa plastiki uliojaa maji: mdomo wa rejeta uko chini ya tokeo la maji la injini kwa sentimita 4. Hewa hukimbilia juu, na juu kabisa ni ndani ya injini, mahali ambapo hakuna mfuniko wa kuitolea. Kwenye gari lililotoka kiwandani hili limeshafikiriwa. Kwenye gari la kubadilisha injini ni lako.

Nilijaribu kuinua mbele kwa jeki na kujaza taratibu. Ilisaidia wiki moja. Suluhisho la kudumu: kopo la kujazia la alumini lililofungwa juu ya vyote, karibu na ukuta wa injini, likiwa na mfuniko wa mgandamizo. Mdomo wa rejeta ukapata mfuniko usiofungua kamwe. Kutoka sehemu ya juu kabisa ya injini unatoka mrija wa milimita 6 kwenda kwenye kopo hilo, na mwingine kutoka tangi la juu la rejeta. Chini ya kopo paipu ya milimita 19 inarudi kwenye njia ya kuingia pampu. Hewa inapanda yenyewe, maji yanashuka yenyewe. Sijatoa hewa kwa mkono tena.

Mfuniko una alama ya mgandamizo ya 1.1 badala ya 0.9 ya ule wa zamani. Mgandamizo unapandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji unachemka karibu nyuzi 107 ukiwa wazi, na unafika zaidi ya 120 ukifungwa na mfuniko mzima. Lakini mfuniko haupozi kitu. Unakupa nafasi tu.

Mchanganyiko nao niliubadilisha: kulanti asilimia 30, maji yaliyosafishwa asilimia 70. Mahali pasipo baridi ya kugandisha hakuna haja ya nusu kwa nusu, na maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Maji matupu hapana. Bloku ni ya chuma, hedi na rejeta ni alumini, na bila dawa za kuzuia kutu vitalana.

8 Machi: mawili madogo

Taiming, yaani wakati cheche inaporuka, ukihesabiwa kwa nyuzi za mzunguko kabla pistoni haijafika kilele. Kwenye injini hii lazima uunganishe pini za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha vipimo kabla ya kupima, la sivyo kompyuta inaisogeza na unachokisoma si cha kweli. Nilikuwa nimepima bila kuunganisha. Ilikuwa nyuzi 4 tu kabla ya kilele. Nikaiweka 10 inavyotakiwa. Taiming iliyochelewa hufanya moto uendelee kuungua kuelekea ekzosi, na joto hilo linaishia kwenye maji. Foleni ikashuka nyuzi 2, na sailensa ikatulia.

Alteneta. Usiku, taa, AC na feni zote mbili zikiwaka, volti zilikuwa zinaanguka hadi 12.3 kwenye mizunguko 750. Niliiweka AC ipandishe sailensa hadi 900 inapowaka: 13.3. Feni ya kwanza sasa inawaka kila AC ikiwaka bila kungoja joto, kwa sababu kondensa inamwaga joto lake mbele ya rejeta tangu dakika ya kwanza.

15 Machi: boneti

Nilinyanyua nyuma ya boneti kwa washa (vile vibati vya duara vya boliti), sentimita 2. Nikiwa nimesimama hewa ya moto ilitoka, mkono uliisikia. Lakini kwa kilomita 90 joto likapanda nyuzi 3. Chini ya kioo cha mbele upepo unajikusanya ukisukuma, kwa hiyo unaingia ndani ya boneti badala ya kutoka, na hewa iliyopita rejeta inakosa njia. Washa nimezitoa.

29 Machi: jaribio lenyewe

Nje nyuzi 35, saa nane mchana, AC imewashwa, foleni ya saa moja na dakika kumi ambayo sehemu kubwa ilikuwa kusimama. Namba ilicheza kati ya 89 na 97. Feni ya pili iliwaka mara nne, kila mara kwa dakika mbili hivi. Kopo la akiba halikupanda hata kidole kimoja.

Fedha zilivyogawanyika: rejeta asilimia 46, feni 18, kopo la kujazia na mirija 12, umeme wote 9, bati la kava na sponji 6, geji na sensa 5, kulanti 4. Saa za kazi nilizoandika ni 61, na kati ya hizo 20 zilikwenda kwenye vitu nilivyovitoa tena. Ningeanza upya leo ningeanza na geji, sponji, kava na waya, nikapima, ndipo niamue kama rejeta ya zamani kweli haitoshi. Sina hakika kwamba ningeinunua.

12 Aprili: mlima

Nyongeza isiyo ya foleni. Kwenye mlima mrefu, mizunguko 4,000 na zaidi, namba ilifika 101, na nikiachia mguu inashuka upesi. Mbioni, kwa hiyo upande wa maji. Nilimwomba mwenzangu akanyage moto gari likiwa limesimama, mimi nikiwa na tochi chini: paipu ya chini ilijibana katikati kama mrija wa juisi, pande zake mbili zikagusana. Pampu ilikuwa inavuta kuliko paipu ilivyoweza kuvumilia. Nilikuwa nimeiunga kwa vipande viwili visivyo na springi ndani. Nimeweka paipu moja laini iliyopinda inavyotakiwa, na springi ya chuma isiyoshika kutu ndani yake. Mlima uleule, joto lilelile la nje: 93.